Vijiti Vyekundu Kwenye Kioo

Numbi aliinua jicho kutoka kwenye darubini ya maabara ya kambi, akalipangusa, akarudi kutazama. Vijiti vyekundu vilikuwa palepale. Makohozi yalikuwa ya mke wake, Ndaya, na wekundu usiotoka hata kwa asidi aliujua maana yake: kifua kikuu. Mchana lori lingewachukua wagonjwa kwenda sanatorio, hospitali ya mbali ya kuwatenga wenye kifua kikuu. Ndaya angepanda, na mtoto wao, ambaye hata jino hajaota, angebaki bila ziwa.

Ndaya alikuwa ameketi nje, chini ya dirisha. Muuguzi alikwisha kumtenga na mtoto, na kilio cha mtoto kilifika mpaka maabara.

"Tata Numbi, maziba imejaa, inaniuma. Acha nimunyonyeshe mara ya mwisho."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Hata jirani Kalala umemwambia iko na kifua, na yeye anabeba gunia mbili kwa mara moja. Leo kambi yote iko na kifua?"

Maneno hayo yalimshtua. Kweli, asubuhi ile hakuna kioo cha makohozi kilichotoka bila wekundu. Akakumbuka alivyofundishwa: kinachoshika rangi ni nta iliyo kwenye ukuta wa kijidudu, na kijidudu cha kifua kikuu kina ndugu wengi wenye nta kama hiyo. Huko Ulaya wataalamu walikuwa wakilinganisha hata chembe za urithi zilizo ndani yao, wajue yupi ni ndugu wa karibu na yupi wa mbali. Wengi wao hukaa udongoni na majini, wala hawamdhuru mtu.

Majini. Macho yake yakaenda kwenye mpira wa maji aliouokota uani na kuufunga kwenye bomba la kuoshea vioo siku ya Jumatatu. Ndani ulikuwa na utelezi.

Alichukua kioo kisicho na makohozi, akakitia rangi, akakiosha kwa mpira ule. Vijiti vikatokea: vilikuwa vya mpira, si vya mgonjwa.

Alikimbilia gereji ya Musafiri, ng'ambo ya barabara, kuomba maji safi ya kuongeza kwenye betri, yasiyopita kwenye bomba. Kwanza akaosha kwa maji hayo kioo kitupu: hakuna kitu. Kisha akapaka upya makohozi ya Ndaya, akayaosha kwa maji yaleyale. Dereva wa lori alikwisha kuanza kupiga honi. Numbi alikipitia kioo kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuona kijiti hata kimoja.

"Leo haupande," alimwambia Ndaya dirishani. "Kesho tutapima tena. Kamuchukue mutoto."

Kilio kilinyamaza. Lakini Numbi hakuweza kukaa. Lori lililotangulia liliondoka Jumatano, na ndani yake watu wawili ambao vioo vyao aliviosha kwa mpira uleule. Akashika chupa ya maji, akaenda kumtafuta daktari.