Kiganja Kilichokuwa Nyundo

Katika gereji yangu pale Buyenzi, nyundo ni ya wanaoanza kazi. Fundi kamili hugonga kwa kisigino cha kiganja. Kofia ya gurudumu, boneti, mlango uliogoma kukaa: pa! mara moja, kazi imekwisha. Nimegonga hivyo miaka ishirini na sita, na nimewafundisha mafundi tisa, wa kwanza mdogo wangu Anouar. Nasema bila haya kwamba Bujumbura nzima hakuna mkono kama wangu.

Kwa hiyo kidole changu cha mwisho kilipoanza kuwa baridi na kufa ganzi, nilikidharau. Kikatoka kidonda nchani, kikakataa kupona. Daktari akasema huenda kikakatwa, labda na cha pete pia, ila kwanza nipigwe picha ya IRM, ile mashine ya sumaku, aone damu inakwama wapi. Nilimwambia mke wangu Khadidja sina wasiwasi. Uongo. Fundi asiyeweza kushika spana amebaki mpiga soga tu.

Kwenye mashine nilimkuta dada mmoja, Irène, mdogo kwa umri lakini kazi yake anaijua. Alinivua saa na pete, akauliza kama chuma kimewahi kuniingia jichoni, akanilaza kifudifudi, mkono mbele. Chumba kilikuwa baridi, na mashine ilipiga kelele kuliko gereji yangu. Picha ya kwanza ilionyesha vidole vyote vitupu, bila mshipa hata mmoja. Nikajua nimekwisha.

Irène hakushtuka. Alisema baridi imeifinya mishipa, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu, nikaloweka mkono robo saa. Kisha akanidunga dawa ya kung'arisha damu pichani, akanirudisha ndani. Safari hii mishipa ikatokea, myembamba, hadi kwenye ncha za vidole vitatu. Upande wa kidole cha pete na cha mwisho, njia ilikatika pale pale kwenye kisigino cha kiganja, na hapo palikuwa na uvimbe mdogo.

Akauliza huwa napafanyia nini mahali hapo. Nikainua mkono kwa fahari nimwonyeshe juu ya meza. Akaudaka kabla haujatua.

"Acha, Mzee. Mushipa inapita hapa, na chini yake ni mufupa tu. Kila mara unapiga, unaiponda."

Daktari alipoitazama picha akasema pale panatengenezeka, vidole vitabaki. Nilifurahi hadi machozi. Halafu nikakumbuka viganja tisa.

Mchana ule ule nilisimamisha kazi gerejini, nikawapanga mafundi mstari, nikawashika vidole vya mwisho mmoja mmoja. Wakacheka kwamba Mzee ameanza uganga. Wanane walikuwa na joto. Anouar alikuwa ameficha mkono mfukoni. Alipoutoa, kidole kilikuwa baridi kama chupa ya Fanta.

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani," akasema. "Niliona we umenyamaza na ya kwako. Na mi nikanyamaza."

Niliushika mkono wake kwa mikono yangu miwili mbele ya wote, nikamwambia kesho asubuhi tunakwenda kwa Irène, na kidole chake hakiendi popote. Kisha nikampigia Khadidja simu atuwekee chupa ya maji moto, maana chumba kile cha mashine kina baridi.