Pale Senan Aliponyamaza

Watu wa kijiji chetu cha Moy walikuwa wakisema mimi ni mkono wa birika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba walikuwa wakiyasema hayo nje ya kanisa, huku mimi nimesimama hapo hapo na kitabu changu cha sala. Chanzo kilikuwa zumari ya marehemu mume wangu. Senan Considine alipofariki aliniachia nyumba, ng'ombe wachache wa maziwa, na zumari ya mfuko iliyochongwa kabla babu yake hajazaliwa. Ni ile ya kwetu Ireland, ambayo mpigaji haipulizi kwa mdomo. Anakaa kitini na kuijaza hewa kwa mvukuto ulio chini ya kiwiko. Aliniachia na agizo. "Dympna," aliniambia akiwa kitandani, "usimpe anayepiga vizuri. Mpe anayesikiliza." Akafumba macho, kazi ya kumtafuta mtu huyo ikabaki kwangu.

Zumari ya namna hiyo huwezi kuihifadhi kama mkufu. Isipopigwa, ngozi ya mfuko inakauka, ndimi za tete zinapasuka, na mbao zinajikunja. Ya Senan ilikuwa imelala ndani ya sanduku lake juu ya kabati la chumbani tangu mazishi, na baridi ilikuwa imekuja na kuondoka na kurudi tena. Peadar Talty, anayewafundisha wapigaji wa hapa kwetu, alikuja mwenyewe kunisomea risala.

"Bi Dympna, ukiiacha mpaka kiangazi utakuwa unamrithisha mtu kuni."

"Kuni zina faida, Peadar, zinapasha moto. Hao unaoniletea wewe hata moto hawapashi."

"Nimekuletea kijana mwenye medali kutoka Dublin!"

"Ningempa nini, kabati la kuwekea medali?"

Aliondoka bila kumaliza chai, na Peadar si mtu wa kuacha chai.

Lakini usiku huo sikupata usingizi mzuri, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikichelewa ningeiua zumari ya Senan kwa mikono yangu. Nikiharakisha ningempa mtu asiyestahili, na hilo nalo sikuliweza.

Mimi sipigi chochote, hata mluzi. Ila nimekaa katika jiko lile maisha yangu yote ya ndoa nikisikiliza, na masikio yangu hayadanganyiki. Jaribio langu lilikuwa jepesi. Aliyekuja kuiomba zumari nilimpa kanda za Senan akasikilize, na aliporudi nilimwomba anipigie wimbo mmoja wa pole ambao Senan alirithi kwa mama yake. Wote waliupiga, wengine kwa ufundi wa kutisha. Na wote walinyamaza mahali pamoja.

Mahali penyewe pako kwenye kanda iliyorekodiwa jikoni kwangu na mgeni mmoja aliyekuja na mashine yake. Senan anapiga wimbo wa mama yake, anafika katikati ya sehemu ya pili, halafu anaikandamiza zumari kwenye goti. Sauti inakatika. Mabomba ya mvumo tu ndiyo yanaendelea kunguruma chini chini, muda mrefu, kisha anaanza tena taratibu. Kanda hiyo ilinakiliwa ikafika kila kaunti, na wapigaji wakapaita mahali pale kituo cha Senan. Peadar alikifundisha. Waliandika juu yake kwenye majarida. Yule mwenye medali alikivuta kituo hicho hadharani mpaka padri akadhani wimbo umekwisha, akapiga makofi peke yake ukumbi mzima.

Hakuna aliyeniuliza mimi, nami nilikuwapo.

Siku ile nilikuwa mezani nikikanda mkate. Tulikuwa tumemzika binti yetu Nuala wakati wa Kwaresima, na mpaka siku hiyo ya vuli nilikuwa sijadondosha chozi. Watu walinisifu kwa ujasiri, na mimi nilikuwa nimekauka tu ndani. Basi Senan alipofika katikati ya sehemu ya pili machozi yakaanza kudondokea unga. Aliinua uso akaniona. Akaifunga zumari kwenye goti, akanitazama, na kwa macho akaniuliza, niendelee? Sikuweza kusema. Mwishowe nikaitikia kwa kichwa, akaendelea. Hakukuwa na ufundi wowote pale. Alikuwa mume anamwangalia mkewe.

Kwa hiyo kila mgeni aliponyamaza pale, akiwa amefumba macho kwa madaha, nilijisikia kama ninayemtazama mtu akizijaribu nguo zangu za msiba mbele ya kioo. Nilimshukuru, nikamfungulia mlango. Wakasema nina roho mbaya. Sikuwaeleza, maana ningeanzia wapi?

Malachy Honan hakuja kuomba zumari. Alikuwa dereva wa lori la maziwa, mtu mzima mwenye mabega ya kubeba ndama, ambaye alikuwa ameanza kujifunza juzijuzi tu kwenye darasa la Peadar. Asubuhi moja alipokuwa akiyavuta maziwa yangu kwa mpira kuyaingiza kwenye lori lake akavua kofia.

"Bi Dympna, Peadar ananiambia nisikilize kwanza, vidole baadaye. Sasa nisikilize nini? Dukani kanda ni nyingi, na zote zina picha ya mlima."

"Una zumari?"

"Ya kujifunzia. Mfuko, mvukuto, na bomba moja la vidole. Haina hata mvumo. Mke wangu anasema inalia kama bata aliyefungiwa mlango."

Nilicheka, na ilikuwa muda mrefu sijacheka. Nikaingia ndani nikamletea kanda ya kwanza, ya mzee mmoja aliyerekodiwa Marekani enzi za santuri nzito zenye kukwaruza. Nikamwambia asiuige mkono wa yule mzee, asikilize tu jinsi anavyocheka ndani ya dansi. Baada ya siku chache aliirudisha ikinuka maziwa.

"Umeonaje?"

"Kusema kweli, Bi Dympna? Nilisikia mtu anakaanga bekoni, na nyuma yake kuna mtu mwingine anapiga zumari."

"Rudi nayo. Sikiliza mpaka bekoni iishe."

Akarudi nayo. Wiki iliyofuata aliniambia kuwa bekoni imekwisha, na kwamba yule mzee alikuwa akipiga kama mtu anayejua kuna wachezaji mbele yake na hataki waanguke. Nikampa ya msafiri mmoja, wale watu wa kuishi kwenye magari ya farasi, aliyekuwa akipiga kwenye minada. Huyo hutiririsha tu, hakatizi hata kidogo, kwa sababu ukipiga katikati ya farasi na walevi ukinyamaza umesahauliwa. Kanda hiyo ilimponza Malachy. Polisi alimsimamisha karibu na mji wa Ennistymon.

"Akaniuliza nakimbilia wapi na maziwa," alisema. "Nikamwambia si mimi, ni huyu mzee ndani ya redio."

"Akakuelewa?"

"Aliniambia niongeze sauti. Kisha akaniandikia faini."

Nikampa na ya mpigaji mwenye tabia tofauti kabisa, anayefunga kila noti ikakaa peke yake, kavu na safi. Hiyo redio ya lori iliitafuna, na Malachy akakesha akiikunjua kwa penseli na kuja kuniomba radhi kama mtu aliyegonga mbwa wangu. Kisha nikampa kanda isiyo na zumari kabisa. Ni bibi mmoja wa pwani ya magharibi anaimba peke yake jikoni, kwa Kigaeli, lugha yetu ya asili, bila chombo chochote.

"Huyu hapigi," Malachy alisema.

"Nyimbo za pole zote zilikuwa na maneno. Kama hujui mwimbaji anamalizia wapi maneno yake, utajuaje wewe ufunge wapi?"

Alikaa na bibi huyo muda mrefu kuliko wengine wote. Hakuniambia ameonaje. Nilimsikia tu alfajiri moja, injini imezimwa, mlango wa lori wazi, akimsikiliza hadi mwisho ndipo akaja kuchukua maziwa.

Ya Senan nilimpa ya mwisho. Nilisita kumpa, nakiri, kwa maana nilikuwa nimeanza kumpenda huyu bwana na sikutaka anivunje moyo kama wenzake. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimeishusha zumari kuitazama, nikakuta pembe moja ya mfuko imekuwa ngumu kama soli ya kiatu. Nikajiambia huyu ndiye wa mwisho. Akinyamaza pale kama wengine, nitampa Peadar ampe amtakaye, na maneno ya Senan yatakuwa yameniishia mkononi.

Alikuja Jumapili baada ya misa kunipigia wimbo wa mama yake Senan, na zumari yake ya bata ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwa namenya viazi. Nikamwambia akae kwenye kiti cha Senan, akakataa, akavuta kigoda.

"Nitakuharibia wimbo," alisema. "Nina sehemu mbili tu, na ya pili inanikimbia."

"Haribu. Hutakuwa wa kwanza."

Akajifunga mvukuto kiunoni, akaujaza mfuko, zumari ikakoroma, ikapiga ukelele mmoja uliomfukuza paka. Kisha akaanza. Alipiga vibaya, sitamtilia chumvi. Noti za juu zilimponyoka na kidole kimoja kilikuwa kikichelewa daima. Lakini nilisikia mahali anapovuta pumzi yule bibi wa pwani. Nilimsikia mzee wa Marekani akiwatazama wachezaji wake. Nikaendelea kumenya, kisu kinakwenda chenyewe, huku nikijiandaa. Sehemu ya pili ikaanza. Sasa, nikasema moyoni. Sasa atafumba macho.

Akapita.

Hakunyamaza. Alipita pale kama mtu anayepita nyumba asiyoijua, akaendelea, na wimbo ukafika mbele, kwenye maneno ambayo mama mkwe wangu alikuwa akiyaimba akiwa anamlaza Nuala. Miaka yote nilikuwa sijawahi kufika pale na akili yangu. Kila mara nilikuwa nimebaki nyuma, kwenye kile kituo, na hasira zangu. Kisu kikaniponyoka kikaanguka kwenye beseni.

Zumari ikanyamaza.

Alikuwa ameikandamiza kwenye goti, katikati ya neno, mahali ambapo mpigaji mwenye akili asingesimama. Zumari yake haikuwa na mvumo, kwa hiyo kikawa kimya kitupu, birika tu likichemka. Hakuwa amefumba macho. Alikuwa ananitazama mimi.

"Bi Dympna," alisema polepole, "niendelee?"

Nilitaka kujibu nikashindwa, kama siku ile ya mkate. Nikaitikia kwa kichwa. Akaendelea, akaharibu mwisho wake, akamaliza.

Nikajifuta uso kwa aproni. "Kwa nini hukusimama pale wanaposimama wote?"

Aliona haya, akakuna shingo. "Peadar atanichapa. Nimeisikiliza ile kanda mpaka imechoka, na sikuweza. Naona mzee Senan alikuwa anamsubiri mtu. Mimi sikuwa na wa kumsubiri, sasa ningesimama nifanye nini?"

"Na hapa uliposimama?"

Akanishangaa kana kwamba nimeuliza maziwa yana rangi gani.

"Si ulikuwa unalia."

Niliweka beseni chini. Nikakivuta kiti cha Senan hadi chumbani, mbele ya kabati, nikamwita aje.

"Kishike vizuri," nikamwambia, "nisije nikaanguka nalo sanduku."