Fime ya Pili

Mimi ni mbishi, na sioni haja ya kulificha hilo. Mtu akiniambia kazi fulani haifanyiki bila fundi, basi siku hiyohiyo nitaianza mwenyewe, hata kama nitaiharibu. Marehemu baba alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Kwa hiyo niliponunua Land Cruiser ya zamani kule Kalima, kwa mtu aliyekuwa akilitumia kubebea madini, na kila jirani akaniambia vioo nimpelekee fundi Anaclet, hasira zilikuwa zimeshaanza kunipanda.

Nililitaka gari hilo kwa kubebea maharusi. Hapa Kindu bibi harusi hapendi kuchunguliwa na mtaa mzima kabla hajafika anakokwenda, na jua letu halimwonei huruma mtu aliyejipaka poda. Vioo vya nyuma vilipaswa kuwa vyeusi. Zamani vilikuwa hivyo: ile plastiki nyembamba inayobandikwa kwa ndani, tunayoiita fime, ilikuwa bado ipo, ila imegeuka zambarau na kuvimba vibofu kila mahali. Hakuna bibi harusi ambaye angekubali kupigwa picha mbele yake.

Nikaenda kwa Anaclet, basi, angalau nimsikilize. Ni mzee sasa, ana karakana karibu na bandari, na tangu kabla ya vita hakuna mwingine mjini anayeijua kazi hiyo kama yeye. Alitoka akijifuta mikono, akalizunguka gari mara moja, akalizunguka tena. Kwenye mlango wa nyuma kuna kiraka cha bati kilichochomelewa vibaya. Aliweka kidole juu ya kile kiraka na kukiacha hapo.

"Hii motoka ilitoka wapi?"

"Kalima."

"Na mbele ya Kalima?"

"Nitajua namna gani, Papa Anaclet? Motoka haina karte ya batizo."

Hakucheka. Akanitajia bei ambayo sitaisema hapa, nisije nikaudhika upya. Nilipomwambia kwamba kubandika plastiki si kupasua tumbo la mtu, akanipa mahubiri. "Fime haiko kazi ya kubahatisha. Unabandua ile ya zamani, unakwangua gundi yote, unasafisha kioo, njo unaweka mupya. Kuna wavivu wanaweka fime juu ya fime. Miye, tangu nianze hii kazi, sijafanya ile hata siku moja." Nikamshukuru kwa somo, nikapanda gari langu, nikaondoka.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwetu. Anaclet, mtu asiyekupa hata kitambaa cha kufutia kioo bila malipo, amekuja kwa miguu kutoka bandarini, na ananiambia atanifanyia kazi yote bule. Bule! Nilimwangalia kuanzia viatu hadi kofia. Nikajiuliza kama mzee huyu hajafiwa na mkewe, na kama hajaja kunichumbia.

"Bule kwa sababu gani?"

"Ni heshima tu. Nipe ufunguo, jioni nitakurudishia."

Mama yangu, Mama Bernadette, alikuwa barazani akichambua sombe, yale majani ya muhogo. Akamsalimia kwa jina. Anaclet aliitikia huku akiangalia majani ya sombe, si uso wa mama, na mimi nikalichukulia hilo kama dharau. Nikamwambia aende zake, gari ni langu na mikono ninayo. Aliliangalia gari mara ya mwisho. Kisha akaenda.

Kuhusu dharau, lazima nieleze, maana nyumba yetu imeila sana. Nilikuwa na kaka mkubwa, Edouard, aliyekuwa akipakia mabehewa pale stesheni. Mwaka 1999, mji ukiwa mikononi mwa waasi, alitoka asubuhi kwenda kazini akiwa na miaka ishirini na miwili, na hakurudi. Tulimtafuta wiki nzima. Halafu maneno yakaanza mtaani: Edouard ameonekana katika gari la waasi. Wiki iliyofuata maneno yalikuwa yameota miguu: Edouard amejiunga nao, Edouard ndiye anayewaonyesha nyumba za watu. Na nyumba zilikuwa zikivunjwa kweli usiku, na vijana wakichukuliwa kweli, kwa hiyo kila mwenye uchungu alipata mtu wa kumlaani. Mama akatolewa katika kwaya. Baba alipofariki mwaka uliofuata, waliokuja kwenye matanga walitosha katika mkeka mmoja.

Vita viliisha, waasi wakaenda, lakini maneno yakabaki. Jirani yetu Odile, aliyepoteza mtoto wake, hadi nilipolinunua gari lile alikuwa hajavuka mlango wetu. Na mama alikuwa hajawahi kumfanyia Edouard matanga wala kumwombea misa ya wafu. Nilipomwuliza, alinijibu jambo lilelile: "Nitamulilia na nani? Watakuja kumulilia muasi?" Ana miaka sabini na sita. Kitu pekee alichokuwa akikiogopa ni kufa na jina la mwanawe likiwa vile.

Basi, Jumamosi nilianza kazi. Nilikuwa nimeangalia video katika simu mara nne, nikajiona mhandisi. Ndoo ya maji ya sabuni, wembe, mpira wa kukaushia kioo, fime mpya iliyofika kutoka Goma. Niliegesha gari juani ili gundi ilainike. Kioo cha kwanza, fime ya zamani ilitoka vipande vipande kama ngozi ya kitunguu, na nikakwangua gundi hadi kucha zikauma. Ile mpya niliibandika na nywele yangu moja ndani, mchanga kidogo, na vibofu kumi na viwili. Mama aliangalia kutoka barazani akasema labda maharusi wafunge macho. Kioo cha pili kilikuwa na vibofu saba tu, nikampigia mama kelele aje aone maendeleo.

Kioo cha tatu, cha nyuma upande wa kulia, kilinipa tabu tangu mwanzo. Niliingia ndani, nikapiga magoti juu ya kiti, nikashika kona ya fime na kuivuta. Ilitoka nzima, bila kuchanika, na kioo kilibaki cheusi. Nikadhani macho yamechoka. Nikagusa: kulikuwa na fime nyingine chini yake, ya zamani zaidi, ya rangi ya kahawia. Fime juu ya fime. Nikacheka peke yangu, nikasema huyo mvivu aliyeifanya kazi hii Anaclet angemtafuna mzima.

Halafu nikaona kwamba jua linapita. Katikati ya fime ile kulikuwa na mikwaruzo, na mwanga ulikuwa ukiingia kwa mistari na kuangukia mkono wangu. Nilisogea nyuma. Haikuwa mikwaruzo tu. Zilikuwa herufi kubwa, zimechimbwa kwa kitu chenye ncha, msumari au kifungo cha mkanda, chini kabisa ya kioo, pale ambapo angeweza kufika mtu aliyelala sakafuni.

EDOUARD WA BERNADETTE. BAMENIFUNGA. MUAMBIE MAMA.

Sikulia. Ningependa kusema nililia, lakini ukweli ni kwamba mwili ulikataa kila kitu. Nilisikia sabuni ikidondoka kutoka kiwikoni. Nikasoma tena, nikasoma mara ya tatu, nikidhani pengine ni Edouard mwingine, pengine ni Bernadette mwingine. Mimi, Bibiche, nilikuwa nimelinunua gari lililombeba kaka yangu, nimeliendesha kutoka Kalima nikiimba, nimekaa humo nikila karanga.

Kisha nikamkumbuka Anaclet na kidole chake juu ya kiraka. Nikakumbuka bule.

Niliendesha hadi bandarini na mikono ya sabuni. Sikumwambia mama neno, nilisema tu nakwenda kuazima wembe. Anaclet aliniona ninavyoteremka, akaelewa kabla sijafungua mlango wa nyuma. Nilimwonyesha kioo. Akakaa chini, pale pale juu ya vumbi, mzee mzima.

"Wewe njo uliweka ile fime ya juu," nilimwambia.

"Njo miye."

"Wewe unasemaka hujawahi kuweka fime juu ya fime!"

"Mara moja tu, Bibiche. Ile mara moja." Alizungumza akiwa ameinamisha kichwa. "Waasi waliniletea hii motoka asubuhi, na hii kiraka yake. Ndani hamukukuwa muntu. Mukubwa wao akaniambia, kwangua ile maneno, weka fime mupya. Alisimama nje na bunduki yake, anavuta sigara. Nikasoma. Nikaweka wembe pale juu ya jina, na mukono ikakataa. Sikukwangua. Nilifunika. Nilisema, kama nikifunika, siku moja itaonekana."

Kwa kitambo kifupi nilitaka kumshukuru, nakiri. Halafu swali likanijia, na natamani lisingenijia kamwe.

"Ni nani alisema mutaani kama Edouard iko katika motoka ya waasi?"

Alivua kofia, akaiangalia ndani.

"Papa Anaclet. Hakuna muntu alimuona. Wewe peke yako ulisoma. Ni nani alisema?"

"Sikusema kama aliingia kwao," alisema taratibu sana. "Nilikuwa ninakunywa na watu, wakaniuliza kama sijasikia habari ya mutoto wa Bernadette. Nikasema alikuwa katika motoka yao. Nikaishia pale. Niliogopa kusema ingine, wangeuliza niliona wapi. Watu wakajaza wao wenyewe. Wakati nilisikia vile walijaza, ilikuwa tayari mbali."

Nilipiga kelele hadi wapakuzi wa mitumbwi wakasimama kuangalia. Nilimwambia vita viliisha! Viliisha nikiwa msichana, sasa nina binti aliyeolewa! Bunduki ile ilienda na mwenyewe, wewe ulibaki hapa, unapita mbele ya nyumba yetu, unaitikia salamu ya mama! Alisema tu kwamba mwanzoni ilikuwa woga, na baadaye ikawa haya, na haya ilimshinda kuliko woga. Alitaka kupewa gari ili akikwangue kioo kile, afe kimesahaulika. Alilisema hilo bila kuulizwa. Nadhani hilo ndilo lililonishtua kuliko yote, kwamba miaka yote ile alijisifu moyoni kwa kukiacha, na ningempa ufunguo angekiondoa.

"Panda," nilimwambia. Akapanda.

Mama alikuwa bado barazani. Nilimwambia aje aone kitu, nikamshika mkono, nikamwingiza katika kiti cha nyuma. Nilikuwa nimejiandaa kumsomea. Lakini mama anasoma, alisomeshwa na masista, na alisoma mwenyewe kwa kidole, herufi kwa herufi, akigusa kila mstari wa mwanga. Alipofika mwisho kidole kilibaki juu ya neno la mwisho. Anaclet alikuwa amesimama nje, kofia mkononi, na alianza kulia kabla yake.

Nilimweleza mama yote, kwa kifupi. Nilidhani atampiga. Nilidhani ataanguka. Alimwangalia tu Anaclet kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Mutoto yangu alikutuma," alisema. "Iko imeandikwa hapa. Alikutuma kwangu. Sema."

"Mama Bernadette, nisamehe..."

"Sikukuuliza ile. Sema vile alikutuma."

Anaclet aliinua macho hadi kwenye kioo. "Edouard wa Bernadette," alisema. "Bamenifunga. Muambie mama."

"Nimesikia," mama akasema.

Akateremka kwenye gari, akajifunga kitenge vizuri, akaniambia nisiweke chochote kwenye kioo kile. Kisha akamshika Anaclet mkono wa shati, kama mtu anayemwongoza kipofu, akavuka naye barabara. Alibisha mlango wa Odile, mlango ambao hakuwa ameugusa kwa miaka ishirini na sita. Odile alifungua akiwa na mwiko mkononi na uso umefunga.

"Sema tena," mama alimwambia Anaclet.

Akasema. Odile aliangusha mwiko. Mama hakungoja jibu lake, alikuwa ameshageukia nyumba ya pili, na mtaa wetu una nyumba thelathini na nne.

Jioni hiyo, barazani kwetu, mikeka haikutosha.