Kidole Pembeni mwa Picha

Mimi na dada yangu tulikuwa na mabegi mgongoni, tukizurura mji ule wa mtoni bila haraka. Jioni ya kwanza, darajani, tulimwomba mwanamume mmoja aliyeegemea ukingo atupige picha. Akapiga, akarudisha simu, tukaenda zetu. Kuitazama, kumbe kidole chake kimeziba pembe nzima! Nikafoka: "Kubonyeza tu kumemshinda!" Dada akacheka mpaka akashika mbavu.

Kesho yake asubuhi tulikuta watu wamejaa ukingoni mwa mto. Wapiga mbizi walikuwa wakizama na kuibuka mikono mitupu. Mwanamke mmoja alikuwa anamuuliza kila mpita njia kama jana alimwona mume wake, fundi seremala, maana viatu vyake vimekutwa darajani.

"Nyie wageni hampitwi na kitu kwa picha," alituambia. "Nionyesheni za darajani."

Nilimpa simu shingo upande, maana njaa ilikuwa inaniuma. Akazipitisha moja moja mpaka akafika kwenye ile yetu. Sisi tuliokenua meno hakututazama. Aliigusa ile pembe iliyozibwa, pale kidole kilipoishia butu.

"Ncha ilikatwa na msumeno," alisema. "Ni yeye. Aliwaambia nini, wanangu?"

Dada alinitazama, mimi nikatazama maji. Mumewe alikuwa ametuambia neno moja tu, nikamtajia.

"Alisema, 'Chekeni.'"