Neno la Kuwacha

Edinah alinawa mikono mara ya pili, akaikausha kwa leso, kisha akaiweka mapajani kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa kutoa ushuhuda. Juu ya stuli, kando ya chupa ya chai, kompyuta ya binti yake ilikuwa wazi, ikimngoja.

"Haiumi, Mama," Celestine alisema.

"Hata waridi niliambiwa haliumi." Akainua vidole vyake vyenye alama za miiba. "Haya. Inataka nini?"

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, siku pekee ambayo Edinah haendi shamba la maua. Celestine alikuwa ametoka Nakuru asubuhi, mtoto wake Nekoye mgongoni, akaja hadi chumba hiki cha kupanga cha Karagita kwa jambo moja tu. Yeye na Kibii, kijana wa Keringet aliyesoma naye masomo ya jioni, walikuwa wametengeneza lugha ya kompyuta, ya kuiamrisha mashine kwa Kiswahili. Waliiita Mche. Kibii alijenga matumbo yake, Celestine akachagua maneno. Leo walikuwa watoe toleo la majaribio liende kwa walimu wa madarasa ya likizo. Wenyewe waliliita toleo la kuonja, vile mpishi anavyoonja chumvi kabla ya kuwapakulia wageni. Likishatoka, maneno yanafungwa. Mwalimu akishawafundisha watoto neno, humrudii ukamwambia limebadilika.

Na Celestine alikuwa amejiapia: kama mama yake, aliyeacha shule darasa la tano, hataweza kuzungumza na Mche, basi Mche haujashika.

"Bunchi moja ya maua unaifungaje, Mama?"

"Naweka ua, naweka ua, naweka ua. Ikifika kumi nawacha, navalisha raba."

"Basi iambie hivyo hivyo."

Edinah aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama anayetoa mawe kwenye mchele, na Celestine akimtajia maneno ya Mche.

*acha maua iwe 0*
*rudia*
*ongeza ua*
*maua ikifika 10*

Kwa haki ilikuwa iwe "yawe" na "yakifika", lakini hapo Kibii alikuwa amekataa katakata. Mashine isimwulize mtu habari za ngeli, alisema. Sisi wenyewe hatuulizani.

"Sasa andika koma," Celestine alisema.

Kidole cha Edinah kilibaki hewani. "Niandike nini?"

"Koma. Ndio isimame."

"Celestine, mimi nimwambie mtu koma? Amenikosea nini?"

"Ni mashine, Mama."

"Hata kama. Koma ni ya mtu mmegombania maji kwa mfereji." Akainama, akaandika anavyosema kila siku: *wacha*.

Kioo kikajibu: *Sijui "wacha".*

"Haijui kuwacha?" Edinah alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikalegea. "Basi hii ni ya ukoo wa baba yako, asiyejua kuwacha drafti!"

Celestine naye alicheka, lakini moyo ulikuwa umeshuka. Koma lilikuwa neno lake. Katika darasa la jioni, insha yake ya kwanza ilirudi na "wacha" zote zimezungushiwa wino mwekundu, na mwalimu akasoma moja kwa sauti, darasa likacheka. Tangu hapo akawa anayaosha maneno kabla ya kuyatoa, kama sukuma wiki ya kupelekea wakwe. Akampigia Kibii, akaweka spika.

"Mama Nekoye, niaje! Kidole kiko kwa kitufe, nakungoja wewe tu."

"Usibonyeze. Mama amekataa koma."

"Nimekataa, mwanangu," Edinah akaingilia. "Ni matusi."

"Si uongo, Mama. Hata huku kwetu ukiniambia koma, nachukua viatu nikimbie." Kibii akacheka. "Sasa anataka gani?"

"Wacha," Celestine akasema.

Kibii akapinga: "Lakini wacha na acha si ni mtu mmoja? Na acha tayari ina kazi. *Acha maua iwe sufuri.* Neno moja liseme ruhusu, tena liseme simama? Mashine itajuaje?"

Celestine aliisogeza kompyuta upande wake. "Basi ibaki koma," akasema polepole. "Walimu watazoea."

Edinah alirudisha mikono mapajani. "Nimewasumbulia kazi yenu," alisema, bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma binti yake zaidi.

Hapo ndipo Nekoye, ambaye miaka miwili hajaitimiza vizuri, alipoinyooshea mkono chupa ya chai.

"Wacha!" mama na nyanya walisema pamoja.

Mtoto akasimama pale pale. Mdomo ukaanza kutetemeka.

"Wacha kukhu akubebe," Edinah akambembeleza, akijiita nyanya kwa lugha ya nyumbani, mikono wazi, na mtoto akamkimbilia, akajifukia kifuani mwake.

Celestine aliwatazama kana kwamba wamefika sasa hivi. "Kibii, umesikia?"

"Nimesikia mtoto akitaka kulia."

"Tumemwambia wacha, akasimama. Kisha akaambiwa wacha, akaja. Hakuchanganyikiwa. Ya kwanza ilikuwa peke yake. Ya pili ilifuatwa na maneno."

Kibii alipiga mluzi. "Yaani nikiikuta na kitu mbele yake, naruhusu. Nikiikuta peke yake kwa mstari, nasimama. Lakini hiyo ni kazi ndogo! Mbona hukuniambia?"

"Mbona hujazaa?"

"Na Kiswahili chako sanifu? Koma umenipigania kama shamba la urithi."

Celestine aliuona tena ule wino mwekundu. Kisha akamwona mama yake akimfuta Nekoye pua kwa ncha ya leso. "Anayetaka acha, aandike acha," alisema. "Lakini wacha iingie. Hii lugha ni ya kwetu, na kwetu tunasema wacha."

Vibonye vya Kibii vikaanza kusikika kwenye simu kama mvua juu ya mabati. Edinah akamimina chai, akatoa sahani ya mandazi. Walipokuwa kwenye kikombe cha pili, toleo jipya likaingia kwenye kompyuta.

"Bonyeza, Mama."

Edinah alibonyeza. *Ua*, kioo kikasema. *Ua. Ua. Ua.* Yakashuka moja moja hadi la kumi, na mashine ikatulia.

"Imewacha," Edinah akanong'ona.

"Imewacha."

"Yenyewe?"

"Wewe ndio umeiambia."

Edinah alijishika shavu. "Wacha!" alipiga kelele kwa mshangao, akampiga binti yake begani. "Wa-cha!"

"Mathe amesema aje?" Kibii akauliza kwenye simu. "Hiyo ya tatu sijaiweka!"

"Hiyo itangoja toleo lijalo," Celestine alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Bonyeza kitufe, Kibii. Mche umeshika."

Mkono wa Nekoye ulikuwa umeganda juu ya sahani ya mandazi tangu ule ukelele wa "wacha". Alimwangalia nyanya yake, akamwangalia mama yake, akalipima lile neno kwa akili yake mwenyewe. Kisha akachukua andazi, akauma.