Pampu ya Baba Gachanja

Jumamosi Gachanja angekuja na lori la udongo. Alikuwa ameshamwambia mama yake, Lydiah, kwenye simu, bila ukali: bwawa linavuja, hakuna anayeogelea, na pale uani patatosha vyumba vinne vya kupangisha. Lydiah alimwomba asubiri amwite fundi kwanza. Likiendelea kuvuja, basi alifukie.

Ndiyo maana Nekesa, fundi wa mabomba kutoka mtaa wa Huruma, alikuwa amelala kifudifudi uani kwa Lydiah, Buruburu, shavu karibu na saruji, akitafuta unyevu ulikoanzia.

Lilikuwa bwawa dogo. Mureithi, marehemu mume wa Lydiah, alilichimba mwenyewe watoto walipokuwa shule ya msingi, majirani wakimchungulia na kumwuliza kama anataka kufuga mamba. Alikuwa mtu wa karakana, hakuamini plastiki, kwa hiyo bomba lote na kona zake vilikuwa vya chuma. Sasa watoto walikuwa na nyumba zao, na Mureithi alikuwa amezikwa kwao Murang'a.

Nekesa akafukua hadi akalifikia bomba. Kona ya kwanza, iliyo chini ya kikapu cha kunasa majani, ilimegeka mkononi mwake kama ukoko wa ugali. Ya pili ilikuwa na matundu. Ya mwisho, karibu kabisa na pampu, ilikuwa na kutu ya juujuu tu. Alizipanga kwenye saruji, akazitazama.

"Mathe, dawa ya maji unaweka wapi?"

Lydiah akamwonyesha. Ilikuwa tembe ya klorini, nene kama kipande cha sabuni, na aliitia ndani ya kikapu kila asubuhi kama alivyokuwa akifanya Mureithi. Hakuwahi kuruka siku. Hata walipoenda Murang'a kumzika, alimwachia jirani mkebe wa tembe na maagizo.

"Na pampu?"

"Niliizima. Bili ya stima imepanda sana."

Nekesa akakaa kitako. Akamweleza kwamba pampu ikizunguka, dawa husambaa bwawani. Ikilala, tembe inayeyukia palepale, maji yaliyosimama kwenye bomba yanakuwa makali, na yanatafuna chuma kilicho karibu kuliko cha mbali.

"Umekuwa ukilinywesha bwawa sumu, mathe, ukidhani ni uji."

Lydiah alicheka kidogo, kisha akageukia pembeni. Hakumwambia kwamba stima haikuwa sababu. Zamani, pampu ikinguruma kwenye kibanda chake uani, ilikuwa na maana moja tu: mume wake yuko huko nyuma, mikono imelowa, na akiitwa dirishani atakuja. Baada ya mazishi iliendelea kunguruma vilevile, naye akawa anatega sikio asikie viatu vyake kwenye ngazi. Siku moja alishindwa, akaizima.

Nekesa alitoa chuma chote, akaweka bomba na kona za plastiki, akasubiri gundi ikauke. Maji yaliporudishwa, hakuna tone lililotoka. Lakini alikuwa na sharti. Tembe zikae kwenye boya linaloelea, zisiguse kikapu tena, na pampu iwashwe kila asubuhi. Bila hivyo maji yatageuka kijani, na Gachanja atapata sababu nyingine.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Si unataka libaki?"

Lydiah aliangalia maji, kisha akamwambia aiwashe. Yeye mwenyewe akakimbilia jikoni, kwani hakutaka kusimama pale.

Pampu ikakohoa, ikanguruma. Lydiah akachuja chai, akatia sukari, akainamia dirisha, na mdomo wake ukafanya ulichozoea.

"Baba Gachanja, chai inapoa."

Nyuma ya kibanda, Nekesa aliacha kukusanya spana zake. Akaja pole pole hadi mlango wa jikoni, akabisha hodi ingawa ulikuwa wazi. Lydiah alikuwa akipangusa meza isiyo na doa.

"Niizime, mathe?"

Lydiah hakuinua kichwa.

"Iache. Gachanja akipiga simu, nataka aisikie."

Nekesa akanywa chai akiwa amesimama, akaaga, akarudi kwake Huruma. Pampu ikaendelea kunguruma. Lydiah akasogeza kiti karibu na dirisha, akaiweka simu mapajani.