Mgongo wa Asia

Asia binti Abdulghani alikuwa amepinda mgongo tangu utotoni. Bega lake la kulia lilikuwa juu kuliko la kushoto, na mbavu za upande huo zilituna hata ukaziona chini ya kaniki. Baba yake aliuza nguo za marekani na chumvi Kayanga, miaka ile Wadachi walipokwisha kujenga boma lao Bukoba. Mama yake, Mwaja, alikuwa mganga wa mifupa. Kazi hiyo aliirithi kwa bibi zake wa pwani, akaja nayo Karagwe alipoolewa. Wapagazi walioteleza na mizigo na wakulima walioanguka mitini waliletwa kwake.

Mwaja hakumficha binti yake. Alimfundisha kazi, akimpa mgongo wake mwenyewe aupapase.

"Nikiinamisha kichwa, kile kinachotokeza chini ya shingo ni pingili ya saba," alimwambia. "Anzia hapo, uteremke."

Chini yake Asia alizikuta kumi na mbili zinazoshika mbavu, kisha tano nene za kiunoni, ambazo uzito wa mwili huzielemea. Baada ya hizo ni mfupa mpana kati ya nyonga, ambao utotoni huwa vipande na ukubwani hushikana, na mwisho kabisa kifandugu. Kati ya pingili na pingili pana gegedu, mfupa usisage mfupa.

"Na ndani yake, kwenye tundu la pingili, umepita ugwe," Mwaja alisema. "Ukiumia huo, miguu hufa. Mtu akianguka, usimvute wala usimsimamishe. Mlaze juu ya ubao kwanza."

Basi siku moja mpagazi wa Shaaban, mfanyabiashara wa kahawa wa Kihanga, alianguka mtaroni karibu na duka la Abdulghani. Wenzake walimshika makwapa wamwinue. Asia akawazuia. Aliagiza mlango wa duka ung'olewe, mtu yule akabebwa juu yake, na baada ya miezi akatembea tena. Shaaban alikuwa amesimama pale akitazama. Haukupita muda akaleta posa.

Aliyemlea Shaaban ni shangazi yake, Adija, naye akaja Kayanga kumwona mchumba. Asia alimwamkia shikamoo, akamwekea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaketi. Adija alimtazama bega hadi bega, kisha akamgeukia Mwaja.

"Binti ana adabu, sikatai. Ila mgomba uliopinda haubebi mkungu."

Mwaja alifungua kinywa.

"Mama, niachie mimi," Asia alisema.

Waliokuwa chumbani ni wanawake watatu tu. Asia aliteremsha kaniki hadi kiunoni, akampa Adija mgongo. Tangu avunje ungo hakuwahi kumwonyesha mgeni mgongo huo.

"Shangazi, naomba mkono wako. Anzia hapa, uhesabu."

Adija alisita, kisha akahesabu polepole kwa Kinyambo, kidole kikifuata mkunjo kuelekea kulia, kikarudi kushoto.

"Kumi na saba," alisema alipofika kiunoni.

"Ndizo alizonazo kila mtu chini ya shingo. Zimejipanga kwa kupinda, lakini hakuna iliyopungua wala iliyovunjika. Sasa shika nyonga. Zina tofauti?"

"Hazina."

"Basi mtoto atapata pa kukaa." Asia alijifunika, akamgeukia. "Na ile migomba, shangazi, unapoikuta imeinama shambani, si ndiyo yenye mikungu? Mkulima haikati. Huiwekea mti wa kuiegemeza."

Adija alitafuna kahawa yake. Kisha akacheka, akamwambia Mwaja, "Huyu hahitaji wa kumsemea. Shaaban alete mahari."

Mwaja aliketi wima kama malkia, machozi yakimlengalenga.

Walioana baada ya mavuno. Mimba ya kwanza ilimtesa Asia. Mwezi wa mwisho alilala ameketi, ameegemea gunia la kahawa. Uchungu ulipomshika alfajiri, Mwaja alikuwa Igurwa kwa mgonjwa, kwa hiyo aliyekuwa naye ni Adija na mkunga jirani. Asia hakulia ovyo. Kila maumivu yalipotulia alimwelekeza Adija pa kukandamiza.

"Shuka kidogo, shangazi. Juu ya ule mfupa mpana. Hapo hapo, usiachie."

Adhuhuri mtoto alizaliwa, wa kike, mzito. Adija alitoka kwenda uani, akijifuta mikono, akamkuta Shaaban amesimama.

"Una binti," alimwambia. "Na mkeo amezaa huku akinifundisha kazi. Nenda kawaambie wale wa sokoni waliosema hatazaa, na uwaambie kwa sauti."